Siku Honi Yangu Ilipowapigia Wakwe Mwano

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akisema herufi zangu zimekimbia kama kuku waliotupiwa jiwe, na tahajia nayo sina uhakika nayo, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande lisukumeni kidogo lisimame halafu muendelee. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne, na sababu nyingine ya kwenda polepole ni aibu, maana jambo lenyewe lilitokea mbele ya kijiji kizima cha Didia, na mimi ni mtu ambaye nikitaka chapati mbili, nikakuta watu watatu kwenye foleni, naagiza moja ili nisirudie kusema.

Basi niseme mapema ili mchekee mbele ya safari: mimi ndiye niliyefanya wakwe wa dada yangu wakalishwe chini vumbini kama wezi wa ng'ombe. Mimi Shija, na kompaila yangu.

Kwa asiyejua, kompaila ni programu inayochukua maneno aliyoandika mtu na kuyageuza kuwa amri ndogondogo ambazo mashine inaweza kuzifuata. Mimi hutengeneza simu kwenye kibanda pale Kambarage, Shinyanga mjini, na nina kompyuta mpakato ambayo mteja aliiacha baada ya kuambiwa kioo chake kimekufa nusu (nusu iliyobaki inanitosha). Nilitaka sana kuandika programu, lakini lugha zote nilizokutana nazo zilidai Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye maneno ya maboksi ya chaja. Nikaamua nitunge lugha yangu fupi ya Kiswahili, na kompaila ya kuigeuza. Ilinichukua mwaka na miezi. Msinipe sifa, subirini kwanza.

Kazi ya kwanza ya lugha hiyo nilimpa baba mdogo Masunga, anayekaa Didia na anapenda ng'ombe wake kuliko usingizi. Nilimfungia kidude kwenye zizi: sumaku langoni ya kujua kama lango limefunguliwa, honi kwenye mti, na taa nyekundu chumbani kwake. Sheria ya kidude aliiandika baba mdogo mwenyewe kwa mkono wake, akaibandika juu ya boksi, na alijivunia kweli kweli kwamba anaiamuru kompyuta kwa Kiswahili. Iliandikwa hivi: Kama lango liko wazi na honi inaitika, washa taa.

Hapo kuna maswali mawili, la lango na la honi, na hilo la pili lina ujanja wake. Wezi wa ng'ombe huanza na kukata waya, kwa hiyo kidude lazima kijue kama honi imelia kweli, na njia pekee ya kujua ni kuipiga na kusikiliza waya wa kurudi. Yaani kuiuliza honi ndiko kuipiga. Na kwa sababu hiyo, kama lango limefungwa, honi haipaswi kuulizwa kabisa. Jibu la kwanza likiwa hapana, mambo yameishia hapo.

Pale kibandani niliijaribu mara kumi na kitu. Kila mara nilitenganisha sumaku, kama lango lililofunguliwa, honi ikalia, taa ikawaka, nikatabasamu peke yangu, nikazima. Sikuijaribu hata mara moja lango likiwa limefungwa. Nani anatengeneza honi ili aione ikinyamaza? Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, na niliufanya huku nakunja waya na kuutia mfukoni.

Tena honi niliyojaribia ilikuwa ya pikipiki. Baba mdogo alipoisikia alikunja uso.

"Hii itamwamsha nani? Mbuzi?"

Akaleta honi ya lori.

Sasa mjue kwamba kwetu Usukumani kuna mwano. Mwano ni ukelele wa hatari, na ukipigwa hakuna anayeuliza kuna nini, unaacha jembe, unaacha ugali, unakimbilia sauti inakotoka, na usipokwenda sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, watakuita ueleze ulikuwa wapi. Kijiji kilikuwa kimekubali kwamba honi ya Masunga ikilia ihesabiwe mwano. Kamanda wa sungusungu, mzee mmoja mrefu anaitwa Maganga, alikuja kunihoji siku nafunga waya.

"Kijana, hii haitatukimbiza bure?"

"Haidanganyi, kamanda," nikasema.

Maneno mawili. Mimi kwa kawaida siongei sana, na siku niliyoamua kuongea nikaongea hayo.

Kidude kilikaa siku mbili bila kuwashwa, kwa sababu baba mdogo alitaka kukizindua siku ya wageni. Wageni walikuwa wakwe kutoka Songwa, waliokuwa wanaleta ng'ombe wa mahari ya dada yangu Kabula (ni mtoto wa baba mdogo, lakini kwetu huyo ni dada, hakuna mambo ya binamu). Kabula na kijana wake Nkwabi walikuwa wamesubiri mavuno mawili. Mwaka wa kwanza mvua ilikataa, mwaka wa pili kulikuwa na msiba, na huu wa tatu Kabula alikuwa ameniambia, "Safari hii likiharibika, Shija, mimi sitasubiri tena, wala watu wa Songwa hawatasubiri." Alisema akicheka, lakini alikuwa anachambua mchele na mkono ulisimama.

Wageni walifika Jumamosi kama saa tano. Lori liliwashusha barabarani wakawaswaga ng'ombe mpaka nyumbani, wanaume sita na fimbo zao, mbele yao mshenga, mzee Luhende, amevaa koti la rangi ya ugoro na kofia yenye unyoya. Tukawaamkia, tukaitikiwa, ng'ombe wakaingia zizini vizuri, lango likafungwa. Hapo walitakiwa kuingia ndani wakanywe togwa. Lakini baba mdogo akainua mkono.

"Ngojeni kwanza, mzee Luhende. Nataka muone ng'ombe wenu wamefika mahali gani. Hapa wanalindwa na kompyuta. Huyu kijana wetu ndiye fundi."

Luhende akanitazama kuanzia viatuni. "Huyu?"

"Huyu huyu."

Mimi nikatazama chini. Baba mdogo akafungua boksi, akabonyeza swichi, akafunga boksi kwa kufuli (wazo la kufuli lilikuwa langu, ili mwizi asizime), akatia ufunguo mfukoni, akageuka kutabasamu.

PAAAA!

Sijui kama mmewahi kusimama chini ya honi ya lori. Kofia ya mzee Luhende haikuanguka, ila aliishika kwa mikono miwili kama anaizuia isiruke. Ng'ombe wakajikusanya kona moja. Kidude hurudia kuuliza kila baada ya muda kidogo, kwa hiyo kabla hatujapumua, PAAAA! tena.

"Zima!" baba mdogo akanipigia kelele.

"Ufunguo, baba!"

Akaanza kujipapasa. Alikuwa amevaa koti la harusi la kaka yake, lenye mifuko ambayo hakuwahi kukutana nayo. Akatoa leso, PAAAA, akatoa miwani, PAAAA, akatoa pipi. Ufunguo ulipatikana honi ikiwa imelia mara saba, na nilipozima, ule ukimya haukuwa ukimya, maana kutoka pande zote nilisikia filimbi za sungusungu zinajibu.

Walitokea kwenye mtama, walitokea njia ya kisimani, wengine wana pinde, wengine fimbo, mmoja ana sabuni usoni na taulo shingoni. Na walikuta nini? Honi imelia, ng'ombe wageni zizini, na wanaume sita wasiojulikana wamesimama langoni na fimbo.

"Chini!" akapaza sauti kamanda Maganga. "Kaeni chini wote! Fimbo mbele!"

"Mimi ni mshenga!" akasema mzee Luhende.

"Kila mwizi ana kazi yake nyingine. Kaa chini!"

Wakakaa. Mzee mzima, koti na kofia yenye unyoya, kwenye vumbi na mavi makavu ya ng'ombe.

"Maganga, hawa ni wakwe zangu!" baba mdogo akawa anazunguka kama kuku. "Kosa! Ni kosa tu!"

"Masunga, tulia. Mwano umelia, sheria ifuatwe. Karatasi za ng'ombe ziko wapi?"

"Zimebaki kwenye lori," akasema Luhende.

"Lori liko wapi?"

"Limekwenda kutia mafuta."

Umati mzima ukasema "Mmmmh!" kwa pamoja, kama kwaya.

Hapo kamanda akanigeukia mimi, na watu wote wakageuka naye. "Na mwenye mashine ni huyu hapa. Nilimuuliza mwenyewe. Akaniambia haidanganyi. Au siyo, kijana?"

Nikaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

Mzee Luhende akainuka taratibu bila kuruhusiwa, akajipangusa vumbi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Masunga, nimeposa nyumba nyingi. Nimenyimwa, nimecheleweshwa, nimewahi kupewa uji wa moto nikaungua. Sijawahi kukalishwa chini. Vijana, toeni ng'ombe. Turudi Songwa."

Nkwabi hakuwepo (bwana harusi haji siku hiyo), kwa hiyo hakukuwa na wa kumsihi. Ndani ya nyumba nikasikia shangazi mmoja analia. Na baba mdogo, jasho linamtoka, akaja karibu yangu akaninong'oneza, "Shija, labda mimi niliandika vibaya? Ile sheria? Sema niliandika vibaya, mimi ni mzee, watanisamehe."

Nitawaambia ukweli, nilitamani kukubali. Ningesema ndiyo, ningekwenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka Jumatatu.

Kabla sijajibu, Kabula akatoka. Bibi harusi hatakiwi kutoka siku hiyo, na shangazi walikuwa wanamvuta kwa kitenge, lakini alitoka akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Shija, nilikuwa chumbani kwa baba muda wote. Taa haikuwaka."

"Haikuwaka?"

"Honi imelia mara saba, nimehesabu. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Sasa mashine imesema kuna mwizi au haikusema?"

Jamani, nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi kichwani. Kama taa haikuwaka, basi jibu la mwisho la mashine lilikuwa sahihi kabisa: hapana, hakuna mwizi. Kosa lilikuwa njiani, kabla ya jibu. Nikachomoa daftari langu kwenye mfuko wa kompyuta, ambamo huwa nanakili kwa mkono amri zote ambazo kompaila imetoa (polepole hivi hivi ninavyoandika sasa), nikatafuta sheria ya baba mdogo. Amri zilikuwa nne. Uliza lango, weka jibu. Uliza honi, weka jibu. Linganisha majibu mawili. Yote yakiwa ndiyo, washa taa.

Kati ya amri ya kwanza na ya pili palikuwa patupu. Palitakiwa amri ya kuruka: lango likisema hapana, ruka mpaka mwisho, usiiguse honi. Kompaila yangu haikuiandika. Ilikuwa inauliza maswali yote mawili kwanza, halafu ndiyo inafikiri. Na pale kibandani sikuliona hilo kwa sababu lango langu lilikuwa wazi siku zote.

Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshaelekezwa langoni.

"Baba hakukosea," nikasema. Nadhani nilisema kwa sauti, kwa sababu hata aliyeshika lango aligeuka. "Sheria ya baba ni nzuri. Aliyekosea ni mimi. Mzee Luhende, shikamoo."

"Umeshaniamkia," akasema.

"Naomba nikuulize. Ulipokuja hapa mara ya kwanza kabisa, uliuliza nini?"

Alinitazama kama anatafuta matusi ndani ya swali, hakuyaona. "Niliuliza kama nyumba hii ina binti ambaye hajaposwa."

"Na ungeambiwa hayupo?"

"Ningemaliza maji yangu nikaaga."

"Usingeuliza wanataka ng'ombe wangapi?"

"Ng'ombe wa binti gani? Mimi ni kichaa?"

"Basi mashine yangu ndiyo kichaa huyo," nikasema. "Imeuliza, lango liko wazi? Imejibiwa hapana. Badala ya kuaga, ikaendelea kuuliza ng'ombe wangapi. Na swali lake la pili ni ile honi. Haikumwita mtu yeyote mwizi. Mimi sikuifundisha adabu ya kuishia njiani."

Nyuma mtu akacheka puani. Kisha mwingine. Mzee Luhende hakucheka, lakini aliinua kiganja, na vijana wake wakasimama na ng'ombe wao.

"Itengeneze," akasema. "Hapa hapa. Nione."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta magotini, kijiji kizima kinasomea begani kwangu kwenye ile nusu ya kioo. Mimi huandika kwa vidole viwili. Yule wa sabuni usoni alikuwa ananipulizia sikioni na kuuliza, "Hapo umefika wapi?" Nikaiongezea kompaila amri ya kuruka, nikageuza sheria upya, nikaunganisha waya, nikahakikisha lango limefungwa, nikawasha.

PAAAA!

Nilikuwa nimeandika ruka kama jibu ni ndiyo. Kinyume kabisa. Kwa hiyo mwizi akifungua lango honi ingekaa kimya kwa heshima, na likifungwa ingelia mpaka betri iishe. Watu walitawanyika, sungusungu mmoja aliangusha upinde, na kamanda Maganga akaniinamia taratibu sana akasema, "Kijana. Mimi nina shinikizo la damu."

Nikazima, nikafuta ndiyo, nikaandika hapana. Nikasoma mara tatu, na mara ya nne Kabula akasoma pamoja nami, kidole chake kwenye kioo. Nikawasha.

Kimya.

Tukangoja. Kuku akapita. Kimya. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo huku hakuna kinachotokea, na naapa hakuna sauti tamu niliyowahi kuisikia kama ile ya honi isiyolia.

"Sawa," akasema kamanda, ambaye alikuwa ameanza kupenda mambo haya. "Na mwizi akija? Fungua lango tuone."

Mnaona hapo palipo na tatizo? Mimi sikuona, wala mtu yeyote hakuona, tulikuwa wanasayansi sote. Lango likafunguliwa, honi ikalia PAAAA, kutoka chumbani shangazi akapiga kelele "Imewaka! Taa imewaka!", na ng'ombe wote wa Songwa, ambao siku hiyo walikuwa wameshaona mengi, wakatoka kwenye lango lililo wazi kama maji.

Walikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa jirani, Mama Doto, alikokuwa ameanika viazi vyake vya michembe. Mama Doto akapiga mwano wa mdomo, wa kweli. Na hapo hakukuwa na sungusungu wala wakwe wala wezi, kila mtu alikimbia, kamanda na mzee Luhende bega kwa bega, mmoja anazuia kushoto, mwingine anazuia kulia. "Wewe wa Songwa, mzibe huyo mwekundu!" "Wewe wa Didia, usimpige huyo, ana mimba!" Tulihangaika mpaka jua likapita utosini, na aliyemrudisha ng'ombe wa mwisho zizini ni mshenga mwenyewe, hana kofia, unyoya umekwama begani, anahema na kumsukuma kwa makalio.

Lango likafungwa. Honi ikanyamaza, kama inavyotakiwa.

Kamanda Maganga akaegemea nguzo. "Mzee Luhende," akasema, "mimi si mtu wa mahari. Lakini ng'ombe hawa umewaingiza nyumba hii mara mbili kwa mkono wako. Mara ya kwanza ulitumwa. Hii ya pili nani alikutuma?"

Mzee akamtazama. Akawatazama ng'ombe, akanitazama mimi, akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye na pumzi, mpaka akakaa chini mwenyewe kwenye lile lile vumbi.

"Leteni togwa," akasema. "Na yule kichaa akae mbali na swichi."

Vigelegele vilivyotoka ndani ya nyumba nusura viniangushe kwenye ndoo. Lori likarudi na karatasi za ng'ombe wakati tunakula, hakuna aliyezitazama. Kabula ameolewa, yuko Songwa, na wiki iliyopita amenipigia simu kwamba mkwe wake anataka kidude kama kile, kwa masharti kwamba kifungwe yeye akiwa safarini.

Sungusungu walinitoza mbuzi mmoja kwa kupiga mwano wa bure. Nililipa bila kubisha, tukamla siku ya harusi, na kamanda alinipa kipande kizuri.

Tangu siku hiyo nimejiwekea nadhiri, na naiandika hapa ili mnisute nikiivunja: sitaondoka kibandani na kitu nilichokijaribu kikisema ndiyo peke yake. Ninaanza na hapana. Lango limefungwa, swichi imezimwa, mtu hayupo, ng'ombe wamelala. Nakaa nasikiliza kama kuna kitu kitaulizwa ambacho hakikupaswa kuulizwa. Ni kazi inayochosha, kwa sababu ikienda vizuri huoni chochote, na mteja huwa anauliza, "Sasa unafanya nini?"

Sasa nawaomba mniandikie. Nimeshatengeneza neno "na", lakini neno "au" bado naliogopa, maana lenyewe linatakiwa kuishia njiani jibu la kwanza likiwa ndiyo, na mjomba mmoja wa Nkwabi ameniomba sheria ya pampu ya kisima yenye "au" tatu ndani yake. Kama na wewe unajifunza haya mambo kwa simu, peke yako, niandikie umejaribu vipi, na zaidi niandikie ulipokosea, kwa urefu, usione haya. Mimi nitajibu. Nitachelewa kidogo, mwandiko wenyewe mmeuona, lakini nitajibu.